Kifungu cha 26 na kifungu cha 27: kupanda na kuanguka kwa Charles Njonjo

Ukiketi na Wakenya waliokuwa watu wazima miaka ya sabini, hukosi kusikia kwamba Charles Njonjo aliwahi kutangaza kuwa ukiota Rais amekufa, utanyongwa. Hadithi imetiwa chumvi, ila si nyingi. Tarehe 6 Oktoba 1976 Njonjo, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, alitoa taarifa ya kuwakumbusha wananchi kwamba ni kosa la jinai kwa mtu yeyote kuwazia, kubuni, kupanga au kukusudia kifo cha Rais au kuondolewa kwake madarakani, na kwamba adhabu yake ni kifo. Ndoto hazikutajwa. Lakini hilo neno "kuwazia" lilikuwemo, na lilitosha kuwafanya watu wazungumze kwa kunong'ona.

Hakuna sheria mpya iliyotungwa siku hiyo. Maneno yale yalikuwa tayari katika kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachohusu uhaini. Kenya iliyarithi kutoka Uingereza, na Waingereza nao waliyaandika mwaka 1351, enzi za mfalme Edward wa Tatu. Katika Kiingereza cha zama zile, kitenzi hicho tunachokitafsiri "kuwazia" kilimaanisha kula njama. Sasa mfikirie mkulima wa Njoro anayesikia redioni, karne sita baadaye, kwamba kuwaza ni kosa. Habari za Edward atazijulia wapi? Anachojua ni kwamba kuna kitanzi mahali fulani, na afadhali afunge mdomo.

Nimeanzia hapo kwa sababu siku ile moja inamweleza Njonjo kuliko wasifu mrefu. Hakuitisha mkutano wa hadhara. Hakuwa na wapiga kura. Hakuwa amewahi kuomba kura hata moja maishani. Alifungua kitabu cha sheria katika ukurasa uliokuwepo siku zote, akakisoma kwa sauti siku iliyofaa, na wanasiasa waliokuwa wakijaza viwanja wakanyamaza. Miaka saba baadaye alikuwa mbunge na waziri, yaani vyeo alivyokuwa hana, na aliangushwa ndani ya wiki chache. Swali linalonisumbua ni hilo: ilikuwaje mtu akawa na nguvu zaidi alipokuwa mtumishi wa serikali asiyepigiwa kura, kisha akawa dhaifu alipoingia kwenye siasa zenyewe?

Kwanza cheo chenyewe, maana watu wengi hukichanganya na uwaziri.

Katiba ya Kenya kama ilivyopangwa upya mwaka 1969 ilikuwa na kifungu cha 26. Kifungu hicho kilimfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria, na hapo hapo kikampa mamlaka juu ya kesi zote za jinai nchini, isipokuwa za mahakama za kijeshi. Angeweza kufungua mashtaka dhidi ya mtu yeyote. Angeweza kuichukua kesi iliyofunguliwa na mtu mwingine na kuiendesha mwenyewe. Angeweza pia kuisimamisha kesi wakati wowote kabla ya hukumu, bila kumweleza hakimu sababu. Juu ya yote, katika kuyatumia mamlaka hayo hakuwa chini ya maelekezo ya mtu au chombo chochote, na maandishi ya katiba hayakumwacha nje hata Rais.

Alikuwa pia akiingia bungeni kwa cheo chake, akizungumza na kuwasilisha miswada, ingawa kura hakuwa nayo. Alihudhuria baraza la mawaziri. Na kumwondoa kazini hakukuwa jambo la Rais kuamka asubuhi na kutia sahihi: ilibidi liundwe jopo la kuchunguza mwenendo wake kwanza, kama ilivyokuwa kwa majaji. Waziri, kwa upande mwingine, hukaa kitini maadamu Rais anataka akae. Kwa kifupi, huyu alikuwa na mguu mmoja serikalini, mwingine bungeni, mkono mmoja mahakamani, na hakuna aliyeweza kumvuta kirahisi kutoka popote.

Njonjo alikalia kiti hicho tangu uhuru mwaka 1963 hadi 1980. Miaka 17. Hakuwa ametoka katika familia ya kawaida: alizaliwa tarehe 23 Januari 1920 huko Kabete, mtoto wa Josiah Njonjo, chifu mwenye jina kubwa wa serikali ya kikoloni. Alisoma shule ya Alliance, akavuka mpaka hadi King's College Budo nchini Uganda, kisha Fort Hare kule Afrika Kusini, halafu Uingereza, ambako alikubaliwa kuwa wakili katika chama cha mawakili cha Gray's Inn mwaka 1954. Ukizitazama tarehe utaona kwamba miaka ya kwanza ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, vijana wengi wa rika na kabila lake wakiwa msituni au kizuizini, yeye alikuwa London akisoma sheria. Aliporudi aliajiriwa na serikali ya kikoloni katika ofisi ya msajili mkuu, kisha akapanda hadi upande wa mashtaka.

Majirani walipita njia nyingine. Tanganyika ilianza uhuru wake na Mwingereza, Roland Brown, katika kiti hicho, hadi Mark Bomani alipokichukua mwaka 1965. Uganda ilimweka Godfrey Binaisa, ambaye alijiuzulu mwaka 1967 na miaka 12 baadaye akawa Rais kwa muda mfupi. Kenya ilipata mwananchi wake kutoka siku ya kwanza, na mwananchi huyo akawa Mwingereza kuliko Waingereza wenyewe. Suti za mistari kutoka London, mnyororo wa saa ukining'inia kwenye kizibao, na ua bichi la waridi kwenye ukosi wa koti kila siku ya kazi. Watu walimwita "Sir Charles" ingawa hakuna malkia aliyempa cheo hicho, wengine "Mtawala wa Kabeteshire". Hakuyakana majina hayo. Nadhani aliyapenda.

Kenyatta alipoagiza mwaka 1974 kwamba Bunge lizungumze Kiswahili, wabunge walilazimika kujadili kwa lugha ya wananchi miswada ambayo bado iliandikwa kwa Kiingereza. Hali hiyo ilidumu hadi 1979 lugha zote mbili ziliporuhusiwa. Naitaja kwa sababu inasaidia kuelewa tukio la "kuwazia". Sheria ilikaa katika lugha moja na hofu ikasafiri katika lugha nyingine. Aliyeshika ufunguo wa lugha ya sheria alikuwa na faida ambayo wapinzani wake, hodari wa majukwaani, hawakuwa nayo.

Tuone sasa alichokifanya na kifungu cha 26, na hasa ambacho hakikufanyika.

Mwezi Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J. M. Kariuki, alikutwa ameuawa, mwili wake umetupwa katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, mbunge kijana kutoka Bungoma. Kamati ilifanya kazi kwa ujasiri, ikataja majina ya maofisa wa polisi na wakubwa wengine iliotaka wachunguzwe zaidi. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo mpaka leo. Ninaposoma habari za JM huwa naona watu wakiuliza kwa nini Bunge halikufanya kitu. Bunge lilifanya lililoweza. Kupeleka mtu kortini halikuwa na uwezo nako. Uwezo huo ulikuwa katika kifungu cha 26, na kifungu kilikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Mkumbuke Mwangale, atarudi.

Kazi nyingine ya ofisi yake ilikuwa kuishona katiba. Nasema kuishona kwa sababu marekebisho mengi ya enzi zile yalikatwa kwa vipimo vya mtu fulani au tatizo la wiki fulani. Oginga Odinga alipojitoa katika chama tawala cha KANU mwezi Aprili 1966 na wabunge wakaanza kumfuata katika chama kipya cha KPU, katiba ilibadilishwa mwezi huo huo: mbunge akihama chama, anapoteza kiti na kurudi kwa wapiga kura. Mwaka 1968 ukaja utaratibu mpya wa urithi: Rais akifa, Makamu wa Rais anashika nafasi kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike.

Na mwaka 1975 likaja lile la Paul Ngei. Ngei, rafiki wa Kenyatta aliyehukumiwa pamoja naye Kapenguria, alipatikana na hatia ya makosa ya uchaguzi, na kwa sheria iliyokuwepo alikuwa amefungiwa kugombea kwa miaka kadhaa. Rais alikuwa na kifungu cha 27 cha katiba, kinachofuata tu baada ya kile cha Mwanasheria Mkuu, kinachompa mamlaka ya kusamehe waliohukumiwa. Tatizo ni kwamba msamaha huo haukugusa adhabu ya kufungiwa kugombea. Basi kifungu cha 27 kikaongezwa mstari mmoja: Rais anaweza pia kumwondolea mtu kizuizi kilichotokana na ripoti ya mahakama ya uchaguzi. Mswada ukapita mbio, Ngei akasamehewa, akarudi bungeni. Mswada wa aina hiyo hauwezi kupita bila mkono wa Mwanasheria Mkuu. Shikilia kifungu hiki cha 27 pia.

Turudi Oktoba 1976. Kenyatta alikuwa mzee na mgonjwa, na kundi la vigogo wa Kiambu na Nakuru, wengi wao wa GEMA, jumuiya ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, lilikuwa likizunguka nchini likitaka katiba ibadilishwe. Walikuwamo Kihika Kimani, Njoroge Mungai, Njenga Karume, Jackson Angaine na huyo huyo Paul Ngei. Hoja yao: haifai Makamu wa Rais apate siku 90 za kukalia kiti kabla ya uchaguzi. Makamu huyo alikuwa Daniel arap Moi, na kila mtu alijua kwamba atakayekalia kiti siku 90 hatabanduka.

Kisheria walikuwa na haki. Kutaka katiba ibadilishwe kwa njia ya Bunge si uhaini popote duniani. Lakini Njonjo hakuwajibu hoja yao. Aliwauliza, kwa lugha ya kifungu cha 40, mbona mnajadili kitakachotokea Rais akifa? Hapo mjadala wa katiba ukageuka mazungumzo ya kifo cha Mzee, na nani angethubutu kuendelea? Siku chache baadaye baraza la mawaziri likakutana Nakuru na kuunga mkono taarifa yake. Kampeni ikafa.

Kwa nini yeye, Mkikuyu wa Kiambu, mwenye kila sababu ya kusimama na wenzake, alimkingia kifua Mkalenjin wa Baringo? Hapa watu hugawanyika. Wapo wanaosema aliamini katika katiba; na kweli, ukimchukua kwa maneno yake, alilinda utaratibu ulioandikwa. Wapo wanaosema alimwona Moi kama wingu la kupita, daraja la kuvukia hadi Ikulu, kwa kuwa wapinzani wake wa Kiambu wangempita moja kwa moja. Mimi naona si lazima kuchagua. Mwanasheria hodari hupenda sana pale sheria inapolingana na maslahi yake, na mwaka 1976 vililingana barabara.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Siku hiyo hiyo Moi aliapishwa, siku 90 zikaanza kuhesabiwa, na kabla hazijaisha, tarehe 14 Oktoba, alikuwa Rais kamili bila mpinzani. Taarifa ya 1976 ilikuwa imelipa. Kwa miaka miwili iliyofuata hakuna aliyekuwa karibu na Moi kuliko Njonjo na Mwai Kibaki, Makamu mpya wa Rais.

Kisha akafanya kosa ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kisa chote.

Mwaka 1980 alitimiza miaka 60 na akaacha uanasheria mkuu. Mbunge wa Kikuyu, Amos Ng'ang'a, alijiuzulu ghafla kumpisha. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, Njonjo akapita bila kupingwa, na Moi akamteua Waziri wa Mambo ya Ndani na Katiba. Magazeti yaliona mtu anapanda ngazi. Kwa jicho la wanasiasa ilikuwa wazi: huyu anautaka umakamu, na baada ya umakamu ni nini?

Tazama alichoacha, lakini. Mamlaka ya kufungua na kufunga kesi yalibaki ofisini, yakaenda kwa James Karugu, ambaye alijiuzulu mwaka uliofuata, kisha kwa Joseph Kamere. Ulinzi wa jopo ulibaki ofisini. Ile hadhi ya kuwa juu ya ugomvi wa vyama, mtu wa vitabu asiye na kura, nayo ilibaki kwenye kiti. Alichokipata ni cheo ambacho Rais angeweza kukifuta kwa taarifa ya saa saba mchana, kiti cha Bunge ambacho kilitegemea uanachama wa KANU, na maadui wa majukwaani ambao sasa wangeweza kumjibu kwa silaha zao badala ya zake.

Itakuwa si haki kusema kifungu cha 26 peke yake ndicho kilichomfanya kuwa Njonjo. Karugu na Kamere walikuwa nacho, neno kwa neno, na leo ni wachache wanaoyakumbuka majina yao. Nguvu za Njonjo zilitokana na kifungu hicho pamoja na sikio la Kenyatta na miaka 17 ya kujua siri za kila mtu. Yule aliyeketi mahali ambapo mafaili yote ya jinai hupita anajua nani ameponea wapi. Hilo linatisha, na linaudhi. Alipotoka katika kiti hicho, waliokuwa wakimwogopa hawakusahau. Walisubiri.

Bungeni alianza vibaya. Kundi la wabunge vijana wa mrengo wa kushoto, miongoni mwao James Orengo, Koigi wa Wamwere na Chelagat Mutai, walimsumbua kwa maswali, naye akawabandika jina la "dada saba wenye ndevu". Alidhani anawadhihaki. Wakalivaa jina kama nishani, na historia imelihifadhi hivyo. (Orengo, naye wakili, alikuja kuwa Waziri wa Ardhi na baadaye gavana wa Siaya.) Mwaka 1981 jamaa yake mmoja alishtakiwa kwa uhaini kuhusu silaha, aliachiliwa na mahakama, lakini jina la Njonjo lilikuwa limeshatajwa katika kesi, na magazeti yaliliandika. Februari 1982 wizara yake ikakatwa: Mambo ya Ndani akapewa Kibaki, yeye akabaki na Katiba. Juni mwaka huo Bunge likapitisha kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, naye akiwa ndiye waziri wa mambo hayo. Kwa mtu ambaye kiti chake sasa kilitegemea kadi ya KANU, kufunga mlango wa vyama vingine kulikuwa ni kujifungia ndani.

Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali. Walishindwa ndani ya siku moja, lakini Moi aliyetoka upande wa pili hakuwa yule wa kabla. Kila aliyewahi kumsaidia sasa alikuwa mtu aliyejua namna ya kumsaidia mwingine.

Mei 1983, akihutubia Kisii, Moi alisema kuna nchi za nje zinazomwandaa mtu fulani kuchukua urais. Hakutaja jina. Ndipo neno "msaliti" lilipoanza kuzunguka. Lilitamkwa majukwaani, makanisani, kwenye mazishi. Kila mwanasiasa akiapa kwamba si yeye na kumtaka msaliti atajwe. Ni ajabu kidogo: mtu aliyetawala kwa Kiingereza cha karne ya 14 aliangushwa kwa neno moja la Kiswahili ambalo halikuwa na tafsiri ya kisheria wala kifungu cha kulipinga. Huwezi kumwandikia jaji hoja dhidi ya neno "msaliti". Ni neno la barazani.

Mwezi Juni, bungeni, aliyemtaja alikuwa Elijah Mwangale. Yule wa kamati ya JM, sasa akiwa waziri. Sina ushahidi kwamba alikuwa akilipa deni la 1975, na siasa za 1983 zilimpa sababu za kutosha bila hiyo. Lakini wapo waliokuwa bungeni siku zote mbili.

Mwisho wa Juni Njonjo alisimamishwa uwaziri, akajiuzulu ubunge, na mapema Julai Rais akatangaza tume ya uchunguzi.

Hapa kuna fundo jingine la kufungua. Kwa nini tume, isiwe kesi? Kama alikuwa na hatia ya uhaini, kifungu cha 40 kilikuwepo, kile kile alichokisoma mwaka 1976. Ila mahakamani lazima kuwe na shtaka mahususi, ushahidi usioacha shaka, na mashahidi wanaohojiwa kwa kanuni kali. Tume ya uchunguzi haihukumu mtu, kwa hiyo haifungwi na kanuni hizo kwa kiwango hicho. Inaweza kusikiliza alichosikia mtu kutoka kwa mtu. Inatoa ripoti, si hukumu. Kwa anayetaka kummaliza mwanasiasa bila kumnyonga, ni chombo bora kuliko korti. Anaanikwa mchana kweupe, siku baada ya siku, magazeti yakiandika kila neno, na mwisho hakuna rufaa kwa kuwa hakuna hukumu.

Majaji watatu waliteuliwa: Cecil Miller, mzaliwa wa Guyana, akiwa mwenyekiti, pamoja na Chunilal Madan na Effie Owuor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini Kenya. Madan na Miller baadaye walikuja kuwa Majaji Wakuu, mmoja baada ya mwingine. Mwanasheria aliyeisaidia tume kuongoza ushahidi alikuwa Lee Muthoga, na upande wa Njonjo alikuwepo kijana Paul Muite. Vikao viliendelea katika mwaka wa 1984. Madai yalikuwa mengi na hayakulingana uzito: silaha zilizoingizwa nchini, uhusiano na Afrika Kusini ya makaburu, jaribio la mapinduzi la Ushelisheli la Novemba 1981 lililoongozwa na mamluki Mike Hoare, namna kiti cha Kikuyu kilivyopatikana, na matumizi mabaya ya madaraka. La Afrika Kusini halikumshangaza mtu. Njonjo hakuwahi kuficha kwamba aliona ni upuuzi kutofanya biashara na Pretoria.

Na hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya viti. Angekuwa bado Mwanasheria Mkuu, ushahidi wa aina hiyo ungepita kwanza mezani kwake na yeye ndiye angeamua kama unatosha. Sasa aliingia katika jengo la serikali kila asubuhi, ua likiwa kwenye ukosi wa koti, akaketi na kusikiliza mahojiano ambayo hakuwa na uwezo wa kuyasimamisha.

Ripoti ilimwona ana makosa katika mambo kadhaa. Kila mtu alisubiri mashtaka. Badala yake, tarehe 12 Desemba 1984, katika sherehe za Jamhuri, Moi alitangaza kwamba amemsamehe, kwa kuzingatia utumishi wake wa miaka mingi.

Wengi walipumua na kuendelea na maisha. Ila kisome kifungu cha 27 kwa makini. Rais anaweza kumsamehe mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Njonjo hakuwa amehukumiwa. Hakuwa hata ameshtakiwa. Hakuna mahakama iliyotamka neno. Alisamehewa nini, basi? Kisheria, hakuna. Kisiasa, kila kitu: msamaha ulithibitisha hatia bila mtu kulazimika kuithibitisha, na ukamfunga mdomo, kwani anayekataa msamaha anaomba kesi. Mtu aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati kifungu hicho kinanyooshwa kumwokoa Ngei aliyaelewa hayo kuliko Mkenya yeyote aliyekuwa uwanjani siku ile. Aliukubali, akaenda nyumbani, akanyamaza.

Kiti alichokiacha hakikusalimika. Mwaka 1986 Bunge la chama kimoja lilifuta ulinzi wa kazi wa Mwanasheria Mkuu, akawa anaondoka Rais akitaka. Ukarudishwa mwaka 1990. Na katiba ya 2010 ikakata kile kifungu cha 26 katikati. Ushauri wa serikali ulibaki kwa Mwanasheria Mkuu katika ibara ya 156, na mashtaka yakapewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma katika ibara ya 157, ambaye sasa hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Ruhusa hiyo ya mahakama, maneno machache tu, ndiyo ambayo Njonjo hakuwahi kuihitaji.

Yeye mwenyewe aliyaona hayo yote, maana aliishi sana. Mwaka 1998 Moi alimtoa kwenye ukimya na kumpa uenyekiti wa bodi ya Shirika la Wanyamapori. Hakuwahi kurudi bungeni. Alifariki nyumbani Nairobi alfajiri ya tarehe 2 Januari 2022, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 102. Nchi iliyozoea mazishi ya wiki mbili, hema, kamati na hotuba za wanasiasa iliamka ikapewa habari ya kifo na habari ya mazishi karibu kwa pamoja. Kwa agizo lake mwenyewe mwili ulikuwa umeshachomwa asubuhi hiyo hiyo, katika tanuri la Wahindu la Kariokor, familia peke yake ikiwepo.